Ukurasa Uliozaliwa Mara Moja

Inspekta alianza upelelezi wake kwa kutolewa damu.

Hakujitambulisha. Alipanga foleni ya maabara kama mgonjwa yeyote, akakunja mkono wa shati, akatazama dirishani wakati sindano ikiingia. Aliyemchoma alimweleza kwamba majibu yote ya asubuhi hutolewa kwa pamoja baada ya chakula cha mchana. Atapata ujumbe. Hana haja ya kurudi. Atafungua tovuti ya maabara kwenye simu, ataandika namba yake, atatumiwa tarakimu nne, ataziandika, ataingia, atasoma majibu yake akiwa kitandani kwake.

"Hakuna nywila ya kukariri?" aliuliza.

"Wazee walikuwa wanazisahau, baba. Siku hizi ni simu tu."

Alishukuru, akabandikwa pamba kwenye kiwiko, na ndipo alipotoa kitambulisho na kuuliza ofisi ya Daktari iko upande gani.

Kituoni walimwita Kinyonga. Waliompenda walisema ni kwa sababu ya macho yake, moja likikutazama wewe, lingine linatazama ulikotoka. Wasiompenda walisema ni kwa sababu ya mwendo wake. Yeye hakuwahi kuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili.

Daktari, mwanamke mwenye maabara hiyo, alikuwa mtu wa kusema akiwa amesimama. Mezani pake palikuwa na barua ya kumfukuza kazi mpokezi, imepigwa chapa na kupigwa mhuri, imebaki sahihi.

"Afande, kesi hii haina nyama," alisema. "Ni mifupa mitupu. Ichukue ukaizike."

"Nipe mifupa basi, mama."

Daktari akampa. Mwanamke mmoja kijana, mke wa mtu, alikuja kupima mimba. Huyu alikwisha kupoteza mimba mbili kabla ya hiyo, na mara zote mbili ukoo mzima ulikuwa umeshaanza kufuma na kushona. Safari hii akaapa kutomwambia mtu, hata mume aliye safarini kikazi, mpaka tumbo lenyewe liseme. Majibu yakatoka mchana. Kabla jua halijapoa, picha ya ukurasa wa majibu yake, jina lake juu, neno "una mimba" katikati, ikawa imesambazwa kwenye kundi la familia. Hongera zikamiminika kama mvua. Mwanamke akafunga begi akarudi kwao, na kutoka huko akashitaki maabara kwa kutoa siri yake.

"Nani aliyesambaza?"

"Mama mkwe wake."

"Na mama mkwe aliipata wapi?"

"Hapo ndipo penye kesi. Mama mkwe huyo ni mama mdogo wa mpokezi wangu. Mpokezi ni mtoto wa dada yake, tumbo moja, ziwa moja." Daktari aligonga barua kwa kidole. "Na mtambo unaonyesha kwamba asubuhi ileile mpokezi alifungua faili la mgonjwa huyo. Unataka nini tena, Afande? Nikuchoree?"

"Mama mkwe anasemaje?"

"Anasema alifungua simu yake kutazama sukari yake, akakuta mimba ya mkwewe." Daktari alicheka, lakini meno hayakuonekana. "Tukamwambia, haya, fungua tena mbele yetu. Akafungua. Tukaona nini? Sukari yake. Jina lake. Mimba haikuwepo wala kivuli chake."

"Mara ya kwanza mimba, mara ya pili sukari."

"Mara ya kwanza uongo, mara ya pili kweli."

Kinyonga aliomba kuiona ile picha. Aliitazama kwa muda mrefu hata Daktari akakaa. Juu ya ukurasa paliandikwa "Karibu" na jina kamili la yule mwanamke. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, paliandikwa saa ambayo ukurasa ulitayarishwa: saa, dakika, hata sekunde.

"Mpokezi akifungua faili la mgonjwa kwenye kompyuta yake, juu panaandikwa karibu nani?"

"Karibu Mapokezi."

"Hapa pameandikwa karibu mgonjwa."

Daktari aliinua mabega. "Muulize fundi. Mimi ni mtu wa damu."

*

Fundi wa tovuti alikuwa na chumba chake mwisho wa ukumbi, kidogo, kina baridi, feni zikivuma. Wenzake walimwita Chapuchapu, na alilipenda jina hilo. Alikuwa anaandika huku anakula huku anaongea, na vyote vitatu alivimaliza pamoja.

"Rahisi sana, Afande. Tarakimu nne zinazotumwa kwa mgonjwa, mpokezi anaziona kwenye skrini yake, maana wapo wazee wanaopiga simu kusema hazijafika. Mpokezi kazichukua, kampa mama yake mdogo, mama mdogo kaingia kwa jina la mkwe, kapiga picha. Kisha akatoka, akaingia kwa jina lake mwenyewe. Kwisha habari."

Maelezo hayo yalikaa vizuri kama kofia kichwani. Kinyonga alikubali kwa kichwa.

"Tovuti yenyewe ilikuwa nzima siku hiyo?"

"Nzima kuliko wakati wowote. Zamani ilikuwa inatambaa, Daktari ananipigia kelele kila mchana. Sasa hivi inaruka."

"Ulibadilisha kitu kwenye programu?"

"Hata herufi moja."

Kinyonga alimshukuru, akatoka. Mlangoni alisimama kama mtu aliyesahau mwavuli, akatazama nyuma, kisha akaenda zake.

*

Mpokezi alikuwa amewekwa stoo, asionekane na wagonjwa. Alikuwa amekalia boksi la glavu. Kwenye boksi la pili alikaa mwanamke mnene aliyevaa kanga juu ya gauni, ameshika mkoba mapajani kama ngao. Hakuna aliyemwalika mama huyo. Tangu mkasa uanze alikuwa akija kila asubuhi kukaa na binti wa dada yake, na kila asubuhi mlinzi akishindwa kumtoa.

"Wewe ndiye polisi?" mama mkwe aliuliza. "Mbona umechelewa? Mwizi angekuwa ameshazeeka."

"Mama mdogo," mpokezi alinong'ona.

"Mama mdogo nini? Mtoto amefungiwa na dawa za choo kama ufagio, nami ninyamaze?"

Kinyonga aligeuza ndoo, akaikalia. Alianza na binti.

"Asubuhi ile ulifungua faili la wifi yako. Kwa nini?"

"Aliniomba mwenyewe. Namba yake ya simu ilikosewa tarakimu moja. Bila kuirekebisha, ujumbe ungekwenda kwa mtu mwingine. Nikairekebisha, nikafunga. Kipimo chenyewe kilikuwa bado hakijafanywa, Afande. Ningetoa siri gani ambayo damu yenyewe ilikuwa haijaisema?"

"Ulijua amekuja kupima nini?"

Binti alitazama chini. "Nilijua."

"Na hukuniambia!" mama mkwe alifoka. "Unaona, Afande? Angekuwa ndiye mtoa siri, ningeijua tangu asubuhi, na watu wote wangeijua kabla ya saa nne. Mimi nikiambiwa jambo, silali nalo."

"Ninaanza kuamini," Kinyonga alisema. "Nieleze ulivyofungua simu. Taratibu."

Mama mkwe alifurahi kuombwa maelezo. Mkwewe ndiye aliyemsindikiza maabara siku hiyo, alisema, kwa ajili ya sukari. Kumbe naye alijipenyeza dirisha la pili, akatoa damu yake kimyakimya. Mchana wako nyumbani, mkwe chumbani, yeye jikoni. Simu ya mkwe ikalia, na yake ikalia, papo kwa papo, kama kuku wawili waliokanyagwa pamoja. Mkwe akafungua yake haraka. Yeye akachelewa kwa sababu alikuwa anatafuta miwani.

"Ilikuwa wapi?"

"Kichwani."

Mpokezi alicheka, akajizuia kwa kiganja.

"Nikaandika zile namba nne zilizokuja kwenye simu yangu mimi," mama aliendelea. "Mungu shahidi, zangu mimi. Nikaona jina la mkwe wangu, nikaona mimba. Sikusoma zaidi. Nilijua ndiye aliyenitumia kwa njia hiyo, vijana wa siku hizi hawasemi kwa midomo. Nikapiga picha ya kioo cha simu, nikairusha kundini kwa wanangu. Na kupiga picha ya kioo alinifundisha nani? Yeye mwenyewe!"

Alifungua mkoba, akaufunga.

"Sasa nyumba imekuwa gofu," alisema kwa sauti ya chini. "Kaondoka akiniita mchawi wa mdomo. Mwanangu hapokei simu yangu. Na huyu hapa atapelekwa ndani kwa ajili ya macho yangu."

Kinyonga hakumbembeleza. Alimgeukia tena mpokezi.

"Siku hiyo hiyo, mchana huo huo, kuna mtu mwingine aliyelalamika?"

"Hapana, Afande."

"Aliyepiga simu, aliyeuliza, aliyetukana. Mtu yeyote."

"Kulikuwa na mlevi mmoja tu."

"Alisemaje?"

"Sauti nene, ya mtu mzima. Alisema, 'Binti, nimetazama majibu yangu, mnaniambia nina mimba. Nianze kliniki lini?' Nyuma yake watu wanacheka. Nikamwambia baba, kunywa maji ulale, nikakata."

"Nyuma yake ulisikia nini kingine?"

Mpokezi alifumba macho. "Kama nyuki. Wanavuma, wananyamaza. Wanavuma, wananyamaza."

"Nyuki hawapumziki kila baada ya pumzi moja," Kinyonga alisema, akasimama. Aliirudisha ndoo mahali pake. "Hiyo ni mashine ya kunyolea."

*

Wagonjwa wengi wa maabara walikuwa wa jirani, na nyuma ya jengo palikuwa na vinyozi wawili. Wa kwanza alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti kama filimbi, tena hakuwahi kutolewa damu maishani mwake na hakukusudia. Kinyonga alimwacha akiendelea kueleza sababu.

Wa pili alikuwa pandikizi la mtu. Aliposema "karibu kiti," kioo kilitetemeka. Kinyonga alikaa. Hakuwa na nywele nyingi za kunyolewa, lakini alifungwa kitambaa shingoni.

"Mimba inaendeleaje?" aliuliza.

Mashine ilinyamaza. Kwenye benchi wateja wawili walitazamana, kisha mmoja akaanza kucheka kwa mabega.

"Nani kakwambia?" kinyozi aliuliza. "Hawa mbwa wamenisema mpaka wapi?"

"Mpaka polisi."

Kinyozi aliweka mashine chini. Kitambulisho kilipotoka, hata benchi lilinyamaza. Akaeleza bila kusukumwa. Alikuwa amepima sukari. Ujumbe ukaja akiwa katikati ya kichwa cha mtu, akafungua, akakuta hayo aliyoyakuta. Jina la juu hakulisoma. Mtu akiambiwa ana mimba na ndevu zake usoni, nani anasoma jina? Akawaonyesha wateja, wakacheka, akapiga simu kuwatania maabara, akakatiwa. Baadaye, alipomaliza kichwa kile na cha pili, akafungua tena. Akakuta sukari yake, iko juu kidogo, na jina lake. Akadhani lilikuwa tatizo la mtandao.

"Ulipiga picha?"

"Ningeachaje? Ndiyo mimba pekee nitakayowahi kupata."

Kinyonga aliishika simu ya kinyozi kwa mkono mmoja na ya kwake, yenye picha ya mama mkwe, kwa mkono mwingine. Juu, jina lilelile la mwanamke. Katikati, jibu lilelile. Akashuka na kidole mpaka chini, penye zile herufi za mayai ya chawa.

Saa ileile. Dakika ileile. Sekunde ileile.

"Unamjua mpokezi wa maabara?"

"Namjua kwa kunikatia simu."

"Mama yake mdogo?"

"Simjui hata kwa kivuli."

"Nyoa upande uliobaki," Kinyonga alisema. "Nakwenda kuona watu."

*

Chapuchapu alikuwa bado anakula alipoona simu mbili zikiwekwa mbele ya kibodi yake, ubavu kwa ubavu.

"Watu wawili wasiojuana," Kinyonga alisema. "Nyumba mbili mbalimbali. Kila mmoja aliingia kwa namba zake mwenyewe. Tazama chini."

Fundi alitazama. Taya lilisimama.

"Kama mpokezi aligawa tarakimu," Kinyonga aliendelea, "basi alimpa mama yake mdogo, akampa na kinyozi, na wote wawili wakabonyeza ndani ya sekunde moja. Mimi nimezeeka kazini, sijaona wezi wenye nidhamu hiyo. Ukurasa huu haukutayarishwa mara mbili. Umezaliwa mara moja, ukaonyeshwa kwa wengi. Mwenye kuutunza ni nani?"

"Afande, nilikwambia sijabadilisha—"

"Hata herufi moja. Nakumbuka. Asubuhi nilikuuliza vibaya. Sasa nakuuliza hivi: umeongeza nini?"

Feni zilivuma. Chapuchapu alifuta mikono kwenye suruali.

"Plagini," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Tovuti yetu imejengwa juu ya fremuweki, yaani kiunzi kilichokuja tayari, kama nyumba iliyokwisha kusimamishwa nguzo. Ukitaka kuongeza chumba hujengi, unachukua chumba kilichotengenezwa na wengine unakichomeka. Hicho ndicho plagini. Mimi nilichomeka ya kache."

"Inafanya nini?"

"Zamani kila anayebisha hodi, programu inaamka, inakwenda kwenye hifadhidata, inauliza, inapanga ukurasa, inaleta. Mchana majibu yakitoka, wote wanabisha pamoja, inahema. Hii plagini inasema, ukurasa huu nimeshautengeneza, nauweka pembeni. Anayekuja nyuma akitaka huohuo, nampa huu huu, simwamshi mtu. Baada ya dakika kumi inautupa, inatengeneza mwingine."

"Kama mpishi aliyepakua sahani akaifunika kwa kawa. Wa pili akiagiza, anapewa ileile."

"Hivyo hasa."

"Na mpishi anajuaje kwamba wa pili ameagiza chakula kilekile?"

"Kwa anwani ya ukurasa. Anwani moja, sahani moja."

"Ukurasa wa majibu una anwani ngapi?"

"Moja. Kila mgonjwa anafungua hapohapo, anaona yake..." Chapuchapu aliacha, kisha akachangamka ghafla kama mtu aliyepapasa mfukoni akakuta ufunguo. "Lakini Afande, mimi si mjinga! Niliiwekea sharti. Yeyote aliyeingia kwa akaunti yake, usimhifadhie ukurasa, mtengenezee mpya. Hifadhi kwa wapita njia tu, wanaotazama saa za kazi na ramani ya kufika. Na nilijaribu. Nimefungua mimi mwenyewe, nikafungua tena na tena, kila mara saa ya chini inabadilika."

"Wewe unaingia kwa mlango gani?"

"Jina na nywila. Kama wafanyakazi wote."

"Plagini inamjuaje mtu aliyeingia?"

"Fremuweki inamvika alama akipita mlango wa nywila. Plagini inaangalia hiyo alama."

"Mgonjwa anapita mlango gani?"

Chapuchapu alisukuma chakula chake pembeni.

"Leo asubuhi nimeelezwa nikiwa na sindano mkononi," Kinyonga alisema. "Hakuna nywila. Ni simu tu."

"Mlango wa simu niliutengeneza mwenyewe," fundi alisema polepole, na huenda ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema kitu polepole. "Fremuweki haina mlango huo. Nikamtengenezea mgonjwa alama yake, ya kienyeji."

"Na plagini inaijua alama yako ya kienyeji?"

"Waliotengeneza plagini wangeijulia wapi?"

"Kwa hiyo ikimwona mgonjwa aliyekwisha kuingia?"

"Inamwona mpita njia." Chapuchapu alishika kichwa. "Ya Rabi. Inauhifadhi ukurasa wake."

"Mkwe alifungua simu kwanza, kwa sababu mwenzake alikuwa anatafuta miwani. Sahani ikapakuliwa kwa jina lake, ikafunikwa. Mama mkwe akaletewa. Kinyozi akaletewa. Baada ya dakika zako kumi ikamwagwa. Ndiyo maana walipofungua tena walikuta vyao, na ndiyo maana hakuna aliyewaamini."

"Sasa hivi naizima."

"Bado," Kinyonga alisema. "Imwage tu iwe tupu, kisha uiache. Daktari ni mtu wa damu. Anataka kuiona."

*

Daktari alisikiliza maelezo yote akiwa ameshika kalamu. Alipomaliza kusikiliza, kalamu ilikuwa bado mkononi.

"Hadithi nzuri," alisema. "Kinyozi mcheshi, fundi mwoga. Nikienda nayo mahakamani, wakili wa yule mwanamke atanitafuna mbichi. Nani amewahi kuona mashine ikisengenya?"

"Wewe hupimwa hapa hapa, mama?"

"Mpishi hula kwake."

"Majibu yako yamo kwenye tovuti?"

"Yamo."

"Yafungue. Kwa mlango wa wagonjwa, si wa wafanyakazi. Usinionyeshe. Ukishayaona, laza simu kifudifudi mezani."

Daktari alimtazama kama anayetafuta mahali pa kumchoma. Kisha akaandika namba yake, akangoja tarakimu, akaingia. Alitazama kioo kitambo, akailaza simu chini.

Kinyonga alitoa ya kwake. Pamba ilikuwa bado imenata kiwikoni. Aliandika namba yake ya simu, kidole kimoja, taratibu, hata Chapuchapu aliyesimama mlangoni akawa anakanyaga mguu huu na huu. Tarakimu nne zikaja. Akaziandika. Ukurasa ukafunguka.

"Karibu," alisoma kwa sauti, akataja jina la Daktari, majina yote matatu.

Akaigeuza simu hapohapo, kioo chini, akaweka kiganja juu yake.

"Sikusoma zaidi ya jina," alisema. "Lakini ningeweza. Na ningeweza kupiga picha. Sasa niambie, mama, siri yako nimepewa na nani? Mpokezi yuko stoo."

Mkono wa Daktari ulikuwa umekwisha kuvuka meza na kukaa juu ya ule wa Kinyonga, juu ya simu, akikandamiza kama mtu anayezuia damu isitoke. Ulikaa hapo mpaka aliposema, kwa sauti ambayo wafanyakazi wake hawakuijua:

"Chapuchapu. Zima."

Fundi alikimbia.

"Saa za kazi na ramani aendelee kuzihifadhi," Kinyonga alisema, akiinuka. "Hizo ni za watu wote. Cha mtu mmoja kitengenezwe kila akija mwenyewe. Na majibu ya leo yasitumwe mpaka ajaribu kwa kupita mlango wa wagonjwa."

"Tangu aichomeke," Daktari aliuliza, "kila mchana imekuwa hivi?"

"Kila mchana majibu yalipotoka. Wengine walifunga simu kwa aibu, wengine walidhani ni mtandao. Kuna wenye siri zao ambao hadi sasa hawajui kwamba zimeonekana. Kuwatafuta hao ni kazi yako, mama. Utahitaji mtu mwenye sauti nzuri ya simu."

Daktari alichukua ile barua iliyokosa sahihi, akaichana mara mbili, vipande akavitia kwenye mfuko wa koti lake jeupe badala ya kapuni.

*

Mpokezi alirudi dirishani kwake kabla wagonjwa wa mchana hawajajaa. Mama mkwe alimfuata na mkoba wake, akamtazama mlinzi kuanzia kofia mpaka viatu, akakaa kiti cha mbele.

"Nianze na nani?" binti aliuliza.

"Na unayemwogopa zaidi," Kinyonga alisema.

Alipiga. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Wifi, ni mimi. Usikate, tafadhali." Alieleza. Alieleza vizuri kuliko fundi, bila plagini wala fremuweki: ukurasa uliofunguliwa kwanza na wewe, ukatunzwa, ukapewa waliokuja nyuma yako, mmoja wao kinyozi mwenye ndevu. Daktari mwenyewe ameona. Polisi yuko hapa. "Mama hakudanganya, wifi. Na mimi sikusema."

Mpokezi alibonyeza sauti itoke nje, akaweka simu kwenye kizingiti cha dirisha.

"Mama yupo hapo?"

"Nipo, mwanangu!" Mama mkwe alikuwa ameshainuka kitini. "Umesikia? Ni mashine! Mimi nilioneshwa tu, ni mashine!"

"Nimesikia, mama. Mashine ilikuonyesha." Sauti ya mkwe haikupanda wala kushuka. "Na iliyoituma kwenye kundi ni mashine gani?"

Mama mkwe alitazama simu. Akamtazama mpokezi, aliyekuwa ameinamisha uso. Akamtazama Kinyonga. Kinyonga alikuwa anabandua pamba kwenye kiwiko, na kazi hiyo ilichukua macho yake yote mawili.

"Ni mimi," mama alisema.

"Nilipoteza wa kwanza watu wakiwa wamejaa sebuleni. Wa pili vivyo hivyo. Safari hii nilitaka nikae naye peke yangu kwanza. Basi."

"Ni mimi, mwanangu. Nilifurahi, nikashindwa kuibeba furaha peke yangu."

Mgonjwa aliyekuwa nyuma ya foleni alikohoa, akatazamwa, akaacha.

"Hilo njoo uniambie huku," mkwe alisema mwishowe. "Kwa miguu yako. Na simu iache nyumbani."

Ikakatika.

Mama mkwe alisimama akipapasa mkobani, akapapasa kitini, akainama kutazama chini yake, huku akilalamika kwamba hawezi kusafiri bila kuona njia. Mpokezi alinyoosha mkono kupitia dirishani, akamshushia miwani kutoka kichwani mpaka puani.

Kisha akachukua simu tena, akapiga namba ya pili.

"Shikamoo, baba," alisema. "Ni maabara. Kuhusu ile mimba yako."